Mbao Zilizokauka Mno

Siku ya kuniaga mlinipa gogo. Wastaafu wengine hupewa saa ya ukutani au blanketi. Mimi mlinibingirishia gogo la mkangazi mpaka mbele ya meza ya soda, mkalifunga utepe, mkapiga makofi. Mimi nikaomba panga. Nikaligonga kichwani kwa mgongo wa panga, nikaligonga ubavuni, nikainamisha sikio. Makofi yakapungua mpaka yakaisha. Mke wangu, Mama Neema, alijifunika uso kwa khanga. "Jamani, Baba Neema," akasema, "hata zawadi unaipima?"

Hata zawadi. Lilikuwa zima, halina uwazi ndani, na lilikatwa si zaidi ya wiki mbili. Ndaga fijo, asanteni sana, na mnisamehe. Miaka yangu yote pale yadi ya Kyela nilikuwa mtu wa mlangoni: gogo haliingii mpaka nimelitaja jina, na mbao hazitoki mpaka nimesema zimekauka. Kazi ya namna hiyo ukiifanya kwa moyo wa kuamini watu, utajaza yadi kuni.

Mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Nitaandika. Lakini humo humo kuna habari ya Fundi Gwakisa wa Mwaya, muunda boti, ambaye jina lake liliharibika kwa sababu yangu. Wote mmesikia kwamba aliharibu boti ya bosi. Mlisikia kwangu. Kwa hiyo msisome ya magogo mkaishia hapo.

Nilipofika yadi mara ya kwanza nilidhani miti naijua. Nimezaliwa Makwale, nimekulia kati ya migomba na mikakao, nani wa kunifundisha mti? Mzee Angolile, aliyekuwa mchaguzi kabla yangu, akanionyesha magogo matatu yaliyobanduliwa magome. "Haya, taja." Nikataja yote matatu kwa kujiamini. Nikakosa yote matatu. Hakucheka. Alikata kijibanzi kwenye kila gogo kwa patasi, akanipa mkononi. "Nusa. Sasa lamba." Nikamtazama nikidhani ananifanyia mzaha wa wageni. "Lamba, kijana. Mti hauna kitambulisho."

Nikalamba. Mkangazi ni mchungu, uchungu wa dawa ya malaria, na ukiwa mbichi una wekundu wa nyama iliyooshwa. Mvule unatoa utomvu mweupe kwenye gome. Mbao yake ni ya njano ukiikata, ukiiacha juani siku chache inageuka kahawia, na mara nyingine ndani yake kuna jiwe, jiwe kweli, linalong'oa meno ya msumeno. Mninga unatoka utomvu mwekundu mpaka unauonea huruma. Mkaratusi hujisaliti kwa harufu, ila ukilala mtoni muda mrefu harufu inapungua, na wauzaji wanalijua hilo kuliko ninyi.

Mzee Angolile alikuwa na sharti moja: usimsikilize aliyelileta gogo mpaka gogo lenyewe limeshasema. Alinifundisha kumwamkia muuzaji vizuri, kumuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mpunga, huku mkono unachimba. "Mugonile, tata," mdomo unasema, na patasi inafanya kazi yake. Nimeona mkaratusi uliopakwa udongo mwekundu na oili chafu ili uitwe mkangazi. Nimeona nyufa zilizozibwa kwa matope na unga wa mbao. Mzee mmoja wa heshima, wa kanisani kabisa, aliniletea gogo lenye uwazi toka upande huu mpaka ule, vichwa vyote viwili amevifunika kwa vipande vya mti ule ule. Kazi safi, huwezi kuona maungio. Nilimwambia akaombe kazi ya useremala.

Baada ya mambo hayo nikaanza kumshuku kila mtu, na sikuona ubaya wake. Nyumbani nilikuwa nanusa chai kabla ya kuinywa, Mama Neema anatoka jikoni amenuna.

Sasa kukausha. Gogo likifika, paka vichwa vyake siku hiyo hiyo, rangi ya mafuta iliyobaki au lami, kwa sababu maji hukimbilia vichwani, na kichwa kikikauka kabla ya tumbo mti unapasuka. Usiliache na gome mvua zikianza. Chini ya gome ndiko bungua wanakofanyia harusi. Likishapasuliwa, ziinue mbao juu ya matofali kimo cha goti. Weka vijiti kati ya tabaka na tabaka, na kila kijiti kikae moja kwa moja juu ya mwenzake, la sivyo mbao inapinda na hainyooki tena. Kivulini, bati juu, upepo upite. Kyela yetu hii hewa yenyewe imelowa. Mbao unaweza kuisubiri msimu mzima, ukaishika ukadhani imefika, kumbe inakudanganya.

Kwa hiyo kila rundo nililikatia shahidi. Ni kipande nilichokitoa ndani ya ubao, mbali na kichwa. Kila Jumatatu nilikiweka kwenye mizani nikaandika uzito wake juu yake kwa penseli. Uzito ukigoma kushuka, mbao zimefika. Ninyi mna kile kifaa cha kuchomeka ubaoni kupima unyevu, chenye namba. Kina betri, na mimi betri siziamini.

Mbao za makabati na droo nilizipeleka mbele zaidi. Nyuma ya yadi palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na ukuta wa chumba cha injini ulikuwa wa moto mchana kutwa. Nikajenga kichumba kilichoegemea ukuta ule. Mbao zilizokaa humo ulikuwa ukizigonganisha zinalia kama sahani. Mafundi walitoka Tukuyu kuja kuziona. Kichumba kile kilinivimbisha kichwa, nasema ukweli.

Ndipo bosi wetu, Bwana Haruna, alipotaka boti. Mnamfahamu, mtu wa mjini, wazee wake walihama kutoka pwani ya bahari wakafungua duka hapa, yeye akaongeza yadi. Alitaka boti ya kukusanyia mpunga na kakao kwenye vijiji vya ufukweni ambako barabara hukatika mvua zikikolea. Kazi akampa Gwakisa, aliyekuwa ameunda boti nyingi kuliko fundi yeyote upande ule wa ziwa. Mbao zitoke kwangu.

Gwakisa alikuja yadi kwa baiskeli. Mtu mfupi, mpole, nywele zimejaa maranda. "Kaka," akaniambia, "nipe mkangazi uliokauka nusu. Usiumalize."

"Nusu?"

"Nusu. Boti inakaa majini, kaka, haikai sebuleni."

Maneno mepesi hayo, mtoto angeyaelewa. Mimi nikasikia hila. Nikajiambia, ubao mbichi boti ikivutwa mchangani utasinyaa, maungio yatafunguka, na fundi ataitwa kuziba kila mwaka. Huyu anajitengenezea kazi ya kesho kwa mali ya bosi wangu. Sikumuuliza zaidi. Nikamjibu, "Sawa, nusu," nikazipeleka mbao zote kwenye kichumba cha joto. Nikazikausha mpaka shahidi wake hakushuka uzito wiki tatu mfululizo. Nikaona nimemwokoa Bwana Haruna.

Siku ya kupakia, Gwakisa aliinua ubao mmoja kwa mkono mmoja, akaupandisha, akaushusha. "Mwepesi huu."

"Mkangazi wa Makwale," nikasema. "Ukiota bondeni unakuwa mwepesi."

Uongo mtupu. Alinitazama kidogo, halafu akasema, "Wewe ndiye unayeijua," akaufunga ubao kwa kamba pamoja na wenzake. Mimi nisiyemwamini mtu yeyote niliaminiwa, na wala haikunigusa.

Boti ilikuwa nzuri, bwana. Ilishushwa ziwani kwa maombi na pilau. Haikumaliza wiki mbili. Ikiwa imebeba magunia ya mpunga na watu sita, misumari ya ubavuni ilichomoka na ubao mmoja ukafunguka. Ilikuwa karibu na ufukwe, namshukuru Mungu mpaka leo. Watu wote walitoka wazima, wakilia na kutapika maji. Mpunga haukutoka.

Wakaniita Mwaya. Nikakuta boti imevutwa mchangani, watu wamejaa, Bwana Haruna amesimama na kanzu iliyolowa mpaka magotini. "Ambokile," akaniambia, "wewe humwonei mtu haya. Sema mbele ya watu. Mbao zilikuwa na kasoro?"

Nikakata kijibanzi, nikanusa, nikalamba, watu wananitazama. "Ni mkangazi halisi," nikasema. "Zilitoka kwangu kavu, hazina ufa."

Kila neno lilikuwa kweli. Gwakisa akasema taratibu, "Niliomba zilizokauka nusu."

Nikawageukia watu. "Jamani, mmeshaona wapi fundi analalamika kwamba amepewa mbao nzuri kupita kiasi?"

Wakacheka, ufukwe mzima. Mama Tusekile, muuza dagaa ambaye alikuwa ndani ya boti ile, alicheka mpaka akakaa chini mchangani, nadhani hofu ndiyo ilikuwa inamtoka. Bwana Haruna akasema basi, ni misumari, fundi amefanya ubahili wa misumari. Gwakisa aliokota nyundo yake, akaipangusa mchanga kwa shati, akaondoka.

Hakuna aliyempa boti tena. Mtu aliyekuwa akiitwa mpaka Matema alianza kuchonga vinu na mipini ya majembe, akawa anaviuza gulioni. Nikipita gulioni nilikuwa nageuzia uso kwenye ndizi.

Lakini nikasikia bado anasema ni mbao. Nikakasirika. Nikaamua kummaliza kwa ushahidi. Nilikuwa bado na shahidi wa rundo lile la boti, na shahidi wa rundo jingine lililokauka nusu. Nikavikata vikawa na upana mmoja, nikavibana kila kimoja kati ya misumari miwili juu ya ubao, nikauzamisha ubao wote kwenye pipa la maji. Nilitaka nikiutoa niwaite watu waone kwamba havina tofauti, kwamba Gwakisa anatafuta pa kujifichia.

Niliutoa siku ya nne, mchana, wengine wamekwenda kula. Kipande cha nusu kilikuwa kimejaa vizuri kati ya misumari yake, kimetulia. Kile changu kikavu kilikuwa kimejikunja na kuinuka, na msumari mmoja kimeulaza kabisa.

Nilikaa juu ya gogo. Mti uliokauka mno una kiu. Ukiutia majini unakunywa, unavimba, na ukikosa nafasi ya kuvimba unang'oa kila kilichoushika. Gwakisa alizibana mbao zangu barabara kwa sababu nilimwambia ni nusu. Angejua zimekauka mno angeziachia nafasi, au angezirudisha. Mtu yeyote wa ufukweni angenieleza hayo. Mimi, bingwa wa kukausha, sikuyajua, kwa sababu tangu nianze kazi sikuwahi kumuuliza mtu kitu nikamsikiliza mpaka mwisho.

Mnatarajia niseme nilikimbia Mwaya siku ile ile. Wapi! Nilivisukuma vile vipande nyuma ya kabati la zana nikanyamaza. Niliogopa bosi, niliogopa kufukuzwa, na zaidi ya yote niliogopa kicheko kile kikinigeukia mimi. Nikajiambia Gwakisa anaendelea vizuri na vinu vyake. Mzee Angolile akafa bila kujua. Ninyi mkaja, nikawafundisha kila kitu isipokuwa hicho. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa, na siyo kwa mwezi mmoja wala miwili. Ni miaka.

Basi mkanipa gogo. Mama Neema alitaka kabati la vyombo. Asubuhi moja, anachambua mchele barazani, nikamweleza habari yote kwa mara ya kwanza. Hakuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Kumbe miaka yote unanusa chai yangu, na mwenye hila ni wewe." Kabati hakulitaja tena.

Nikapita yadi nikavichukua vile vipande nyuma ya kabati, nikaenda Mwaya kwa bodaboda. Gwakisa ameota mvi, nilimkuta anachimba tumbo la kinu. Tukaamkiana. Nikamwambia yote, bila kupamba, nikavitoa vile vipande viwili kwenye mfuko. Akavigeuza, akasogeza kimoja karibu na jicho, akasoma penseli yangu: uzito ule ule, mara tatu. Akanirudishia.

"Mkono wangu uliniambia ubao ule ni mwepesi," akasema. "Nikauamini mdomo wako kuliko mkono wangu. Hicho ndicho kilichoniuma, kaka. Kicheko nimekisahau."

Nikamwambia nina gogo la mkangazi nyumbani, zuri, ni lake.

"Gogo baadaye. Kwanza kayaseme palepale ulipoyasema yale mengine."

Nikayasema. Nilichagua siku ya gulio, watu wako wengi ufukweni, na nilimwomba Bwana Haruna aje. Alikuja kwa bajaji, siku hizi anatembelea fimbo. Nikasimama mahali pale pale. Nikasema niliombwa nusu, nikakausha zote, nikadanganya, nikawachekesha. Nikavipitisha vipande mikononi mwao.

Mnajua walifanya nini? Walivigonga. Wakavinusa. Mmoja akalamba. Mwingine akauliza, "Gwakisa amekupa nini?" Wa tatu akasema wastaafu hawakosi maneno. Nilisimama pale nikiwatazama wakinipima jinsi nilivyowapima wenzao maisha yangu yote. Bwana Haruna aliniuliza kitu kimoja tu, "Mbona hukuniambia, Ambokile?" Nikamjibu niliogopa. "Bwana wewe," akasema, akarudi kwenye bajaji yake. Mpaka leo hatujaongea vizuri.

Mama Tusekile ndiye aliyefunga mjadala. Beseni la dagaa kichwani, mkono kiunoni. "Maneno tumeyasikia. Yale ya kwanza pia yalikuwa maneno. Tuonyesheni boti."

Ndiyo sababu mliniona nalipasua gogo la zawadi nyuma ya yadi. Mliniuliza kwa nini nazishusha mbao toka kwenye rundo wakati shahidi bado anapungua uzito kila Jumatatu, mkadhani uzee. Gwakisa alikuwa anakuja kila wiki kwa baiskeli, anainua ubao kwa mkono mmoja, anautikisa kidogo, anautua. Siku moja akasema, "Sasa." Nilitazama penseli yangu. Namba bado zilikuwa zinashuka! Kila kitu ndani yangu kilitaka mwezi mmoja zaidi. Nikazipakia.

Gogo moja halitoi boti kubwa, lakini lilitosha boti ya watu sita. Tuliishusha bila maombi na bila pilau, tukaitia nanga maji yakiwa kiunoni, mimi na Gwakisa tu ndani. Ufukweni watu wamesimama, mikono kifuani, Mama Tusekile mbele. Haikupita nusu saa nikaona maji miguuni. Yalikuwa yanaingia kwenye maungio, pembamba, pande zote mbili.

"Gwakisa, inavuja."

"Inakunywa," akasema. "Keti."

Maji yakafika kwenye vifundo. Nimeshika ukingo, mguu mmoja uko tayari kuruka. Alikuwa anayakomba kwa kopo, bila haraka, ananitazama usoni. Nilijua anachokisubiri. Nikauachia ukingo, nikaketi, nikachukua kopo la pili.

Siku ya pili maji yaliyoingia yalikuwa ya kujaza sufuria. Siku ya tatu asubuhi nilipitisha kidole kwenye maungio yote, toka mbele mpaka nyuma, ubao umefika kwa ubao, na kidole kikatoka kikavu. Nikamwonyesha Gwakisa kidole kile. Hakukitazama. Alikuwa anatazama ufukweni, ambako Mama Tusekile alikuwa amekunja khanga juu ya magoti na anaingia majini na beseni lake kichwani, taratibu, mpaka akatufikia ubavuni.

Nilikuwa karibu naye zaidi. Nikamnyooshea mkono. Akaupita, akamtazama mwenzangu.

"Fundi," akamwambia Gwakisa, "nipokee beseni."